SAFU YA VIFAA: Spika Sita au Spika Mbili?

Safari hii tunajibu maswali mawili tuliyoletewa ndani ya wiki moja, yote kuhusu spika za kompyuta.

La kwanza limetoka kwa mwenzetu Mchina anayejifunza Kiswahili pamoja nasi. Anataka spika za chumbani za kusikilizia habari, nyimbo na filamu za Kiswahili, na ameona tangazo la seti ya spika sita inayoahidi "sauti ya sinema nyumbani kwako". Anauliza: zitamsaidia?

La pili limetoka kwa ndugu yetu wa Mwanza, anayesoma hapa Kangle kwa ufadhili. Mama yake ana kibanda cha video uani kwake: kompyuta moja, projekta, mabenchi, na watu wa mtaa wanaokuja kuangalia mechi na filamu. Ada ya mdogo wake inatoka kwenye kibanda hicho. Sasa kimefunguliwa kibanda kingine mtaa wa pili, na wateja wameanza kupungua. Ndugu yetu amejinyima akaweka yuan 900. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayepokea posho ya yuan 2,500 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya theluthi ya posho. Anauliza: anunue seti ya spika sita hapa Guangzhou ampelekee mama akirudi likizo?

Tunamwomba asinunue kwanza, asome hadi mwisho. Na wewe ambaye huna kibanda wala swali, soma tu, maana siku moja utasimama mbele ya kaunta na muuzaji atakuambia "faivu pointi wani" kana kwamba ni jina la dawa.

Namba hizo zinasemaje

Namba ya kwanza ni idadi ya spika za kawaida, na namba baada ya nukta ni idadi ya sabufa. Kwa hiyo 2.0 ni spika mbili bila sabufa. 2.1 ni spika mbili na sabufa moja. Hii ndiyo familia ya zile "sabufa" zinazouzwa kila duka la vifaa vya umeme kuanzia Kariakoo hadi Kisumu. 5.1 ni spika tatu mbele (kushoto, katikati, kulia), mbili za kuzunguka zinazokaa ubavuni kuelekea nyuma, na sabufa. 7.1 inaongeza mbili nyingine nyuma.

Wazo la sauti ya kuzunguka si geni. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya sauti ya chaneli mbili mwaka 1931. Mwaka 1940 kampuni ya Walt Disney ilionyesha filamu ya Fantasia kwa mtambo maalumu uliotawanya muziki ukumbini. Mfumo wa chaneli 5.1 wa kidijitali wa Dolby uliingia sinema mwaka 1992 na filamu ya Batman Returns, kisha ukashuka hadi sebuleni na mezani penye kompyuta.

Kila spika ina kazi yake. Ya katikati hubeba maneno ya waigizaji. Za kushoto na kulia hubeba muziki na mwendo wa vitu kwenye skrini. Za nyuma hubeba mvua, upepo, vigelegele vya watu, helikopta inayopita juu ya kichwa. Sabufa hubeba mtetemo wa chini, ule unaousikia kifuani kabla ya sikioni. Sabufa haihitaji mwenzake kwa sababu sikio letu haliwezi kutambua vizuri besi ya chini inatoka upande gani. Ndiyo maana unaweza kuiweka hata chini ya meza.

Sauti sita zitatoka wapi?

Hapa ndipo wengi hupotea. Spika sita hazitengenezi sauti sita. Sauti hizo lazima ziwemo kwenye filamu yenyewe, zipite kwenye kompyuta zikiwa sita, na zitoke kwa njia inayoweza kuzibeba zote. Kiungo kimoja kikikosekana, umenunua spika nne za mapambo.

Tuanze na chanzo. Filamu za diski za Hollywood mara nyingi zina chaneli 5.1, na michezo mingi ya kompyuta pia. Lakini tazama tunachosikiliza sisi. Muziki wa Bongo Fleva hurekodiwa kwa chaneli mbili. Sahani za santuri alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928 zina chaneli moja tu, na hakuna ubora wa spika utakaozigeuza kuwa sita. Habari za redio ni sauti ya mtu mmoja mbele ya maikrofoni. Video nyingi tunazofungua kwenye kivinjari hutoka kwa chaneli mbili. Na zile filamu zilizotafsiriwa kwa mdomo, utamaduni uliowapa majina watu kama Lufufu kule Tanzania na DJ Afro kule Kenya, zina sauti ya mfasiri iliyopakwa juu ya kila kitu kingine.

Seti nyingi za bei nafuu, zikipewa chaneli mbili, huzinakili tu: kinachotoka mbele kinatoka na nyuma vilevile. Huko si kuzungukwa na sauti. Ni kuambiwa neno lilelile na watu wanne kwa pamoja.

Sasa kompyuta. Kompyuta ya mezani mara nyingi ina matundu kadhaa ya sauti nyuma. La kijani ni la spika za mbele, jeusi la nyuma, la rangi ya chungwa ni la spika ya katikati pamoja na sabufa. Seti ya 5.1 ya waya za kawaida huhitaji matundu hayo matatu yote, na mipangilio ya kompyuta lazima iambiwe kuwa spika ni sita. Kompyuta mpakato nyingi zina tundu moja tu, na tundu hilo hutoa chaneli mbili. Ukiwa na mpakato utahitaji kadi ya sauti ya nje ya USB yenye matundu hayo, au waya wa HDMI kwenda kwenye kipokezi chenye uwezo wa kutenganisha chaneli. Bluetooth ya kawaida ya muziki nayo hubeba chaneli mbili, tena kwa kuchelewa kidogo, kiasi kwamba mdomo wa mwigizaji unafunga ndipo neno linafika.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, geuza kompyuta yako uitazame mgongoni. Jibu la nusu ya swali liko hapo.

Chumba cha Kangle

Spika sita zinataka nafasi. Utaratibu unaofuatwa na wahandisi wa sauti duniani unasema hivi: msikilizaji akae katikati, spika za mbele zikae nyuzi 30 kushoto na nyuzi 30 kulia kwake, za kuzunguka zikae kati ya nyuzi 100 na 120 kila upande, yaani nyuma kidogo ya masikio, zote ziwe umbali unaokaribiana. Kwa spika mbili hesabu ni nyepesi: ukikaa mita moja na nusu kutoka kila spika, basi nazo ziachane mita moja na nusu. Mnatengeneza pembetatu ya pande sawa na wewe ni ncha ya tatu.

Sasa tuambieni, vyumba vyetu vya hosteli vina nafasi hiyo? Nyuma ya kiti kuna kitanda, nyuma ya kitanda kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna jirani anayejiandaa na mtihani. Kwa wenzetu waliopanga nje ya chuo, kule kijiji cha Kangle na Lujiang, hali ni ya kubanana zaidi. Majengo ya huko Wachina wenyewe huyaita majengo ya kupeana mikono, kwa kuwa mtu wa dirisha hili anaweza kumpa mkono mtu wa dirisha lile. Chini kuna vyerehani vya karakana za nguo. Mashona wa huko wakipata saa chache za kulala, besi yako ndiyo itakayowaamsha, maana mawimbi marefu ya besi hupenya ukuta kuliko sauti ya mtu.

Hili pia ni suala la sheria. Sheria ya China ya kuzuia uchafuzi wa kelele, iliyoanza kutumika tarehe 5 Juni 2022, inahesabu usiku kuwa ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na inagusa kelele za majumbani pia. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Hapa itaitiwa polisi kabla haijapasuka.

Kuna mambo mawili mengine ya Guangzhou. La kwanza ni unyevu. Wakati wa masika kuta hutoa jasho na sakafu hulowa, kama chumba cha Forodhani au Mji wa Kale Mombasa wakati wa kusi. Masanduku ya spika ya mbao za kubandika hufura yakikaa sakafuni, na sponji inayozunguka koni ya spika huoza mapema. Ziinue juu ya meza au matofali, na ukiweza chagua zenye ukingo wa mpira badala ya sponji.

La pili ni mwangwi. Vyumba vyetu vina vigae chini na kuta tupu, hivyo sauti hudunda na maneno huchanganyikana. Bahati nzuri tunaishi jirani na mojawapo ya masoko makubwa ya vitambaa ya China, lile la Zhongda. Pazia zito na kipande cha zulia vitakusafishia sauti kuliko kuongeza spika. Ila jua kwamba kitambaa hunyonya sauti za juu na za kati, besi hakiizuii. Jirani yako bado atakusikia.

Sikio la mwanafunzi wa lugha

Turudi kwa mwenzetu wa swali la kwanza. Yeye anataka spika ili ajifunze kusikia Kiswahili. Hapo kipimo kinabadilika kabisa.

Besi haina maneno. Nguvu ya sauti ya mtu iko kwenye irabu, katika masafa ya chini na ya kati, lakini kinachotofautisha neno na neno mara nyingi ni konsonanti, na konsonanti kama s, sh, f na th zinakaa juu, sehemu kubwa kuanzia hezi elfu mbili na kuendelea hadi elfu nane. Simu za zamani zilikata sauti zote zilizozidi hezi 3,400, na ndiyo sababu tulikuwa tunatajiana majina kwa herufi: "F ya Fatuma, S ya Salima". Spika yenye besi nzito na sauti za juu zilizofifia inakurudisha kwenye simu ile.

Mpe mtu akusomee maneno haya bila kukuonyesha karatasi: fika, pika, shika, zika. Ukiyasikia yote manne bila kubahatisha, spika hiyo inakufaa. Endelea: ngoma na ng'ombe, thamani na dhamana, ghali na gari. Kisha mpate mzungumzaji wa pwani atamke paa la nyumba na paa mnyama. Kwa watu wa pwani la pili hutamkwa kwa pumzi, na la kwanza halina pumzi. Wengi wetu tuliokulia bara hatuisikii tofauti hiyo. Wenzetu Wachina wanaisikia, kwa sababu lugha yao hutenganisha sauti kwa pumzi kila siku. Hapo wametuzidi kwenye lugha yetu wenyewe, na ni haki wapate spika isiyowaficha pumzi hiyo.

Kangle ni mahali pa kukumbuka thamani ya sauti iliyo safi. Mwanahistoria Chen Yinke alifika hapa mwaka 1949 akiwa amekwisha kupoteza uwezo wa kuona. Alifundisha na kutunga kwa miaka mingi akisomewa vitabu kwa sauti na kutamka maandishi yake ili msaidizi aandike. Alifariki mwaka 1969. Nyumba yake bado ipo chuoni, na mbele yake kuna ile njia nyeupe iliyowekwa ili mabaki ya nuru machoni mwake yaweze kuitambua. Ukipita hapo, fikiria mtu aliyesoma vitabu vyake kwa sikio.

Ushauri wetu kwa mwenzetu: achana na spika sita. Nunua spika mbili tu, 2.0, zenye amplifaya ndani, koni ya inchi nne hivi na twita tofauti kwa sauti za juu. Makampuni ya China yenyewe hutengeneza za namna hiyo, kama Edifier iliyoanzishwa Beijing mwaka 1996, au HiVi, ambayo ni jirani zetu hapa Guangdong. Kwa yuan 300 hadi 500 utapata zinazotamka vizuri. Na usiku ukifika saa nne, vaa hedifoni. Kwa kusikiliza matamshi, hedifoni nzuri ya yuan 150 huishinda seti ya spika ya mara tano ya bei hiyo.

Debe tupu haliachi kuvuma

Kabla ya kwenda Mwanza, tupitie uongo mkubwa wa biashara hii: wati.

Kwenye boksi utaona "wati 8,000 PMPO" au hata 12,000. Namba hiyo haina kipimo kinachokubalika. Kila mtengenezaji hujihesabia apendavyo, kwa kupima mshtuko wa sekunde ndogo mno na kuuzidisha kwa idadi ya spika. Namba ya kutazama ni wati za RMS, yaani nguvu ambayo spika inaweza kuitoa kwa kuendelea.

Kama RMS haikuandikwa, geuza sabufa usome kibandiko cha nyuma, pale panapoandikwa volti. Ukikuta "220 V, 50 Hz, 60 W", maana yake chombo kinakula wati 60 kutoka ukutani. Kitu kinachokula 60 hakiwezi kutoa 8,000 kwa kuendelea, hata 60 zenyewe hakizitoi zote, kwani nyingine huishia kwenye joto. Kibandiko cha nyuma huwekwa kwa ajili ya wakaguzi wa umeme. Cha mbele huwekwa kwa ajili yako.

Wala usidhani kuongeza wati mara mbili kunaongeza sauti mara mbili. Kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti unayoisikia kwa mbali. Ili sikio liseme "hii ni mara mbili ya ile", unahitaji nguvu mara kumi. Kwa chumba cha hosteli, wati 20 za kweli kwa kila spika ni nyingi.

Sokoni Gangding

Ukitaka kusikiliza kabla ya kulipa, panda metro kituo cha Zhongda, laini ya 8, shuka Kecun vituo viwili mbele, badili treni uelekee Gangding. Masoko ya kompyuta ya pale yamepungua kelele tangu biashara ihamie mtandaoni, lakini bado unaweza kugusa na kusikia. Nenda na simu yenye faili zako tatu: habari iliyosomwa na mtu mmoja, taarabu yenye fidla na kanuni, na kipande cha filamu chenye mvua au umati. Usikubali diski ya muuzaji, maana ameichagua ili imsifie.

Anza kwa sauti ya chini. Kama maneno ya habari hayaeleweki kwa sauti ya chini, kuongeza hakutayafafanua. Kisha pandisha hadi robo tatu uone kama fidla inageuka kuwa msumeno. Mwisho acha bila kucheza kitu na usogeze sikio: mvumo wa umeme usiokoma utakuudhi kila usiku.

Ukinunua mtandaoni una kinga moja kubwa. Sheria ya kulinda walaji iliyorekebishwa na kuanza kutumika tarehe 15 Machi 2014 inakupa siku saba za kurudisha bidhaa nyingi ulizonunua mtandaoni bila kutoa sababu. Tunza boksi na sponji zake, zijaribu siku ileile zinapofika, usingoje wikendi.

Sasa Mwanza

Ndugu yetu wa Mwanza, tumekuweka mwisho kwa sababu swali lako lina uzito kuliko yote. Chumba cha mwenzetu kikikosewa, atapoteza yuan 400 na usingizi wa jirani. Kibanda cha mama kikikosewa, inaguswa ada ya mdogo wako.

Fikiria kwanza mabenchi. Sauti ya kuzunguka imetengenezwa kwa mtu aliyekaa katikati. Kibandani watu wamekaa mistari sita. Mteja wa benchi la mwisho yuko mita moja kutoka spika ya nyuma na mita sita kutoka spika za mbele. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, hivyo ile ya nyuma humfikia mapema, tena ikiwa na nguvu zaidi. Sikio la binadamu huamini sauti iliyotangulia kufika. Kwa mechi na filamu zenye mfasiri, ambazo seti itazinakili kwenye spika zote, mteja huyo atamsikia mtangazaji akiongea kisogoni mwake huku picha iko mbele. Atalipa leo. Kesho atajaribu mtaa wa pili.

Halafu fikiria wanachokuja kukisikia: mtangazaji wa mpira na mfasiri wa filamu. Ni maneno. Ndugu zetu Wachina wanaijua ile tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa TBC mwaka 2011, na Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Watu waliifuata kwa sababu mama mkwe wa Beijing aligomba kwa Kiswahili kilichosikika sawasawa. Hakuna aliyehesabu spika.

Mwisho piga hesabu. Bei unayoiona hapa si bei itakayofika Mwanza. Seti ya 5.1 ina uzito na ina ujazo. Ukiipeleka kwa ndege, spika zina sumaku, na mizigo yenye sumaku hukaguliwa na kutozwa kivyake. Ukiipeleka kwa meli, kago hulipwa kwa ujazo, na boksi la spika ni hewa nyingi unayoilipia. Ongeza ushuru, ongeza gari kutoka Dar es Salaam hadi ziwani. Mfanyabiashara wa Kariakoo hulipa hayo yote pia, lakini anayagawa kwenye kontena zima. Wewe unayabeba kwenye boksi moja. Na amplifaya ikiungua mwezi wa pili, dhamana yako iko Guangzhou na mama yuko Mwanza.

Kwa hiyo tunasema hivi. Usinunue seti hapa. Mtumie mama sehemu kubwa ya zile 900 anunue hukohuko spika mbili kubwa zenye amplifaya ndani, kwenye duka linalotoa dhamana ya maandishi, na fundi wa mtaa awe amethibitisha kwamba spea zake zinapatikana. Aende na simu yenye faili ya mechi na ya filamu iliyotafsiriwa, afanye jaribio tulilolieleza. Ziwekwe kushoto na kulia kwa skrini, juu kidogo ya vichwa vya waliokaa, zikiinamia benchi la katikati. Akiwa tayari ana sabufa, aitoe kwenye kona inayogusa ukuta wa jirani. Kona hukuza besi, na jirani mwenye hasira ni hatari kwa biashara kuliko mpinzani.

Baki na kiasi kidogo ununue hapa vitu vyepesi vinavyoingia begini: waya mrefu wa sauti ulio imara na kadi ndogo ya sauti ya USB, kwani tundu la sauti la kompyuta ya kibanda hulegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa kila siku. Fedha itakayosalia inunue kifaa cha kulinda umeme kule nyumbani. Vifaa vya volti 220 vya huku havina taabu na umeme wetu wa volti 230. Taabu ni umeme unaopanda na kushuka. Na tunakusihi, mkataze mdogo wako ile tabia yetu ya kuchomeka plagi ya pini mbili kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu. Chumba kina watu hamsini na mlango mmoja.

Pazia kuukuu kwenye ukuta wa nyuma litamaliza kazi. Halina gharama, na mteja wa benchi la mwisho atamsikia mtangazaji neno kwa neno.

Kwa ufupi

Spika sita zinamfaa mwenye vitu vitatu kwa pamoja: filamu au michezo yenye chaneli sita, kompyuta yenye uwezo wa kuzitoa, na chumba chake peke yake chenye nafasi nyuma ya kiti. Ukikosa kimoja, nunua mbili nzuri. Anayejifunza lugha anunue uwazi wa maneno, si besi. Anayemnunulia mzazi anunue kitu ambacho fundi wa jirani anaweza kukifungua.

Ndugu yetu wa Mwanza tunaomba atuletee habari za kibanda baada ya likizo, ili wengine wenye wazazi wafanyabiashara wajifunze. Toleo lijalo tutazungumzia kompyuta mpakato zilizotumika: namna ya kusoma umri wa betri kabla ya kulipa. Leteni maswali yenu mapema, na mwandike mna fedha kiasi gani, maana ushauri usiojua mfuko ni porojo.